Mstari Niliouruka Mbele ya Fundi

Kwa zaidi ya mwaka mzima nililala vibaya kwa sababu ya swali ambalo nadhani mtu mwingine angelimaliza kwa dakika tano. Mke wa fundi wetu alifariki njiani kati ya Mugeta na Bunda, baada ya pikapu iliyokuwa ikimpeleka hospitali kuzimika mlimani. Fundi aliamini, na aliwaambia watu wote, kwamba pikapu ilizimwa na petroli iliyochanganywa na maji. Mimi nilijua haikuwa petroli. Nilijua kilichoizima, nilijua kilitoka mkononi mwa nani, na nilijua kuna mtu mmoja aliyeweza kukizuia na akanyamaza. Mtu huyo ni mimi. Je, nimwambie?

Nikisema nimwambie, naona uso wake. Nikisema ninyamaze, nakumbuka kwamba bado anafanya vilevile kwa magari ya watu wengine. Nilipima upande huu, nikapima upande ule, nikaandika hata orodha ya sababu kwenye daftari, mpaka mama yangu akaniuliza kama chuoni walinifundisha kupima tu, au na kuamua pia.

Nimweleze kwanza mtu mwenyewe. Wanaomjua kwa habari ya mlima ule peke yake hawamjui.

Tulimwita Fundi, basi. Pale Kamunyonge, mtaa wetu wa Musoma, mafundi walikuwa wengi, wa viatu, wa redio, wa baiskeli, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua ni yule wa upande wa pili wa ua wetu, mwenye mabati manne juu ya nguzo sita na madoa ya oili ambayo hata mvua ya masika haikuyaondoa. Nimekua nikisikia injini zake kabla ya kengele ya shule. Alikuwa mfupi, ana mabega ya mtu aliyebeba sana, na suruali yake ilikuwa na kiraka kimoja cha goti la kulia, kwa sababu goti la kulia ndilo alilopiga siku zote.

Alikuwa na sikio. Aliweka mpini wa bisibisi ndefu sikioni, ncha akaigusisha kwenye injini, na ua wote ukanyamaza. Hata kuku alifukuzwa. Siku moja alikuja dereva wa samaki kutoka Kibara, kijana mcheshi mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwa kali, gari linapiga kelele mbele.

"Mura, umepita wapi na hii gari?" Fundi akamuuliza.

"Barabarani, Fundi. Kwani gari zinapitaga wapi?"

"Umepita kwenye maji. Mpaka hapa." Akagusa kiraka cha goti.

"Nani kakwambia?"

"Mkanda wa feni. Unaliaga hivyo ukinyweshwa. Hapa mwongo ni mmoja kati yako na gari, na gari haijafundishwa kudanganya."

Dereva akacheka mpaka akavua kofia. Alikuwa amekatisha mto ili awahi soko.

Kwa magari alikuwa mpole kuliko kwa watu. Mtu akifunga mlango wa gari kwa kishindo, aliambiwa aondoke nalo, aende akapigiwe mlango huo na fundi mwingine. Mkuu wa idara mmoja alirudishwa hivyo mbele ya msaidizi wake. Lakini akiitwa na mkewe, Fundi alitoka chini ya gari hata akiwa ameshika boliti ya mwisho. Tulimwita Mama Fundi. Alikaanga furu pembeni ya gereji, akawauzia madereva wanaosubiri, na harufu ya samaki na ya petroli ziliishi pamoja pale bila kugombana. Alianza kuniita Mhandisi nikiwa kidato cha pili. Nilipoenda chuo, jina tayari lilikuwa limenitangulia.

Kisa cha sigara ndicho watu wanachopenda kukisimulia. Fundi hakuvuta wala kunywa, na kanisani aliimba besi. Hata hivyo kila Jumamosi alinunua sigara moja kwenye kibanda, akaiwasha, akaizungusha taratibu karibu na mipira ya hewa ya injini inayounguruma. Pale ambapo mpira una ufa, moshi ulivutwa ndani ghafla. "Injini inavuta hewa dirishani wakati mlango upo," alisema. "Lazima itakohoa." Mzee mmoja wa kanisa alimwona na sigara, akapeleka habari, na Fundi akaitwa kikaoni. Alisimama pale bila kujitetea, kwa sababu maneno yalimpotea mbele ya watu waliovaa koti. Mama Fundi ndiye aliyenyanyuka.

"Mimi nalala naye, ningesikia harufu," alisema. "Hiyo sigara anaivutishaga gari. Kama ni dhambi, leteni gari kikaoni."

Wazee walicheka, kikao kikavunjika, na tangu siku hiyo madereva wakawa wanauliza: "Fundi, hii yangu leo ivute ngapi?"

Sasa nieleze habari ya oili, maana ndiyo kiini cha yote.

Nilipokuwa mdogo, miaka ile ya dhiki, dukani kulikuwa na rafu tupu na mwenye duka. Sabuni ilisubiriwa kama mgeni. Vipuri ndiyo usiseme. Malori ya pamba yalikaa juu ya mawe Bunda kwa kukosa kitu kidogo kama chujio la hewa, na bila chujio vumbi la barabara zetu linakula injini kwa msimu mmoja. Fundi alitengeneza chujio lake mwenyewe. Alichukua katani, Mama Fundi akaichana kwa vidole mpaka ikawa laini kama nywele, wakaishindilia ndani ya kopo, wakailowesha oili. Vumbi likipita, linanasa. Malori ya zamani yenyewe yaliundwa na bakuli la oili kwenye njia ya hewa, kwa hiyo jambo hilo halikuwa geni kwao. Lilifanya kazi. Pamba ilitoka Mugeta na Kibara, ilifika kiwandani, na madereva walimwapia Fundi. "Filta kavu ni kama kitambaa cha pazia," aliwaambia. "Kila asubuhi ilambishe oili." Aliwafundisha wote, wakafundishana, na mpaka leo ukienda Mugeta utamkuta mtu anailambisha filta yake oili asubuhi kabla hajanywa uji. Hata wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kujaa kwenye filta ya gari linalopita pwani, Fundi aliwanasa kwa katani na oili.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Bidhaa zikarudi, na magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kushuka, meupe, yenye maandishi ubavuni ambayo hakuna aliyeyasoma. Hayakuwa na kabureta ya kuchanganya hewa na petroli. Kati ya chujio na injini yana kidude kinaitwa sensa ya hewa, na ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kwa namna hiyo kompyuta ya gari inajua hewa kiasi gani imeingia, ikatoa petroli inayolingana. Waya ukiwa safi, gari linaenda kama wimbo. Waya ukichafuka, kompyuta inadanganywa. Gari litaunguruma vizuri likiwa limesimama, litakwenda kwenye tambarare, lakini ukilipa mzigo na mlima linakosa nguvu, linajikwaa na kuzima.

Filta za magari hayo ni za karatasi. Zinatakiwa kuwa kavu. Ukizipaka oili, matone yanasafirishwa na hewa mpaka kwenye waya, vumbi linagandia hapo na kuungua.

Nilirudi Musoma na digrii yangu wakati serikali imesimamisha ajira na viwanda vinauzwa. Siku za kwanza nilikaa ndani nikiandika barua za maombi. Mama Fundi akaja kunitoa. "Mhandisi gani anakaa na kuku?" Akaniwekea kigoda mahali penye kivuli kizuri, nikawa nakwenda gereji kila siku. Madereva walinitania: "Fundi, umeajiri karani?" Akawajibu: "Huyu kasoma kitu ambacho nyinyi mnakikalia tu."

Hakujua Kiingereza, lakini hakutupa kijitabu chochote kilichokuja na gari. Alivipanga kwenye sanduku la risasi la zamani, akavifuta vumbi kila mwezi. Aliamini nitakuja siku moja nimsomee. Kweli, akanipa kile cha pikapu nyeupe ya mnunuzi mmoja wa pamba, gari alilolihudumia yeye peke yake, nikawa nasoma na kumfasiria, mstari kwa mstari, yeye akitikisa kichwa kwa furaha kila kitabu kilipokubaliana naye. "Unaona? Na Mjapani anajuaga!"

Siku moja madereva watano au sita walikaa wakila furu. Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya pikapu ile, amefungua filta yake ya karatasi, anaipaka oili kwa brashi na kuizungushia katani, huku akiwaeleza vijana jinsi kopo lake lilivyookoa malori ya pamba. Walikuwa wanamsikiliza kama watu kanisani. Akaniambia bila kugeuka: "Soma, Mhandisi, tusikie na Mjapani anasemaje habari ya filta."

Nilikuwa nimeshauona mstari. Ulisema wazi kabisa kwamba chujio lisitiwe oili, na ulieleza sababu.

Nikauruka. Nikasoma uliofuata, unaosema chujio likaguliwe mara kwa mara kwenye barabara za vumbi.

"Si unaona!" alisema Fundi.

Nilikusudia kumwambia tukiwa wawili. Kesho yake nikafikiri nianzeje. Nikianza na sifa, atajua kuna kitu nyuma. Nikianza na kitabu, nitaonekana msomi aliyekuja kumvua nguo mzee aliyenilea. Nikasema nisubiri wateja wapungue. Nikasema nisubiri aulize mwenyewe. Zikapita wiki, na pikapu ikaendelea kulambishwa oili.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, Mama Fundi alikwenda Mugeta kumsaidia dada yake. Siku ya nne tumbo lilimkaza tangu asubuhi, akawa hawezi kusimama. Fundi aliomba pikapu kwa yule mnunuzi wa pamba, akaenda kumchukua. Kwenda lilikwenda, gari tupu. Kurudi, akiwa amemlaza mkewe nyuma juu ya godoro pamoja na dada mtu na shemeji wawili, lilipoanza kupanda kilima kabla ya Bunda likaanza kukohoa, likazima.

Habari ya saa mbili zilizofuata aliisimulia sana, kwa mpangilio uleule. Alifungua plagi akazisafisha. Alivuta petroli kwa bomba mpaka ikamwingia kinywani, akaitema, akaimimina kwenye chupa aone kama ina maji. Alipuliza njia zote. Alitoa hata filta ya hewa, akaitazama, akaona ina oili ya kutosha, akairudisha. Liliwaka, likasogea hatua kumi, likazima. Na kila alipopita nyuma ya gari kuchukua kifaa, mkewe alimwambia: "Wewe endelea tu, Baba. Mimi nipo."

Lori la pamba likapita, likawabeba. Alikata roho kabla hawajafika mjini.

Tulimzika nyumbani kwao, Butiama. Pikapu ilivutwa mpaka gereji. Siku ya tatu baada ya mazishi, Fundi akiwa bado msibani, niliifungua peke yangu. Nilichomoa kwanza soketi ya sensa, kiungo chake cha umeme. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuipima: ukiichomoa, kompyuta inaacha kuisikiliza na inakisia yenyewe, kwa hiyo gari likipata nafuu, basi mgonjwa ni sensa. Niliwasha. Lilinguruma kwa ukorofi, halikuwa na mbio, lakini halikuzima. Nililiendesha mpaka juu ya mteremko wa kwenda ziwani na kurudi. Halikuzima.

Kisha nikaifungua sensa. Waya ulikuwa mweusi. Karibu yake palikuwa na uzi mmoja wa katani, laini, uliochanwa vizuri.

Niliuosha waya kwa spiriti bila kuugusa kwa kidole, nikaacha ukauke, nikaweka filta mpya, kavu. Pikapu ikaenda kama wimbo. Fundi aliporudi aliisikia akiwa bado njiani. Hakuhitaji bisibisi.

"Nani kaitengeneza?"

"Nilimwaga petroli yote, nikaweka nyingine," nikasema.

"Si niliwaambia," akajibu polepole. "Si niliwaambia watu."

Siku hizo aliacha msemo wake wa zamani. Alikuwa akijisifu kwamba gari lililopita mikononi mwake halijawahi kumwacha mtu njiani. Sikumsikia akiusema tena. Aliacha kuimba besi pia. Alikwenda kanisani, akakaa mwisho, akafungua kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa wowote. Halafu akafunga gereji, akahamia Butiama karibu na kaburi, akawa anatengeneza magari machache ya majirani. Vijitabu vyote aliniachia. "Kaa navyo wewe mwenye macho," alisema. Neno hilo lilinikaa kama mfupa wa sato kooni.

Nikapata kazi ya muda ya kufundisha hesabu Bunda. Nikaendelea kupima. Kwamba mzee amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni kutojua. Kwamba huenda tumbo lile lisingepona hata hospitali. Kwamba labda si kweli kuwa namhurumia, ila najihurumia mimi. Hili la mwisho ndilo lililoniamsha zaidi.

Jumapili moja mama yangu alikuja kunitembelea, akanipa habari kama habari njema. Zahanati ya kule Butiama imepata gari la mtumba, jeupe, la aina ileile ya pikapu. Na Fundi amejitolea kulitunza bila malipo. "Amesema ni kwa ajili ya wanawake wenye uchungu," mama alisema, "ili isitokee tena."

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni. Nilifunga kijitabu cha pikapu kwenye kanga, nikapanda basi la asubuhi. Njiani nilipanga maneno, mwanzo na kati na mwisho. Nilipanga pia nitakachoficha: ile habari ya soketi. Nitamwambia oili, nitamwambia mstari, lakini kwamba kulikuwa na soketi ya kuchomoa pale mlimani, hilo nitakufa nalo.

Nilimkuta kwenye ua wa zahanati. Gari lilikuwa na boneti wazi. Filta ilikuwa juu ya goti lenye kiraka, kopo la oili chini, brashi mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mhandisi! Umekonda hivyo, Bunda hakuna furu?"

"Fundi, usiipake."

Yale ya basini yote yalikuwa yamekimbia. Brashi ilibaki hewani, ikadondosha tone moja chini.

"Kwa nini?"

Nilifungua kijitabu. "Kuna mstari niliuruka." Nikausoma kwa Kiingereza, nikaufasiri: chujio hili lisitiwe oili, kwa kuwa oili huchafua waya wa sensa ya hewa, na injini hukosa nguvu na kuzima kwenye mlima au mzigo.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Siku ile ya wale madereva," alisema, "ulikuwa umefika hapo?"

"Ndiyo."

"Ukaona nitaaibika."

"Ndiyo, Fundi."

Akalaza brashi juu ya kopo. "Na ile petroli uliyomwaga?"

"Sikumwaga. Nilisafisha waya."

 Muuguzi alitoka, akatuona, akarudi ndani. Fundi alikuwa akitazama mikono yake, nje na ndani, kama mtu anayetafuta mahali alipojikata.

"Niliitoa filta pale," alisema. "Niliitazama. Nikasema oili inatosha." Kisha akainua macho. "Mhandisi. Pale mlimani, kulikuwa na namna?"

Nilikuwa na jibu la basini. Lilikuwa tayari mdomoni, neno moja tu, hapana, na angeliamini, kwa sababu mimi ndiye mwenye macho.

"Ilikuwepo," nikasema. "Kuchomoa soketi moja. Lingetambaa. Lingefika."

Alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Nilipiga magoti, nikalia, nikamwomba msamaha. Baada ya muda akasimama, akaishika filta ikiwa kavu, akairudisha mahali pake, akakaza vishikizo vyake vinne kimoja kimoja.

"Nionyeshe hiyo soketi."

Nikamwonyesha. Akaichomoa mwenyewe. Akapanda, akawasha. Gari lilitetemeka, likakohoa, likatulia kwa mngurumo mzito. Akalitoa getini, akalipandisha kwenye mwinuko wa barabara kuu, polepole kama ng'ombe wa plau, mlango ukiwa wazi. Nilitembea pembeni yake. Lilifika juu. Hakulizima. Aliweka paji la uso juu ya usukani, mabega yakatikisika, na injini ikaendelea, ikaendelea tu.

Tuliporudi alirudisha soketi, akafunga boneti bila kishindo. Kopo la oili akalipeleka nyuma ya choo, akarudi bila hilo. Akakaa kwenye jiwe.

"Hicho kitabu kina kurasa ngapi?"

"Nyingi, Fundi."

"Soma."

Nikaanza ukurasa wa kwanza. Kila nilipofika penye jambo alilolifanya kinyume maisha yake yote, nilisoma kama lilivyoandikwa, nikanyamaza, nikamsubiri aseme endelea.